Usifungue Stoo Kabla Hujajua Vitu Vinaenda Wapi

Usafi mkubwa wa nyumba hauharibiki asubuhi. Asubuhi kila mtu ana nguvu: redio imewashwa, khanga imefungwa kiunoni, kabati limetolewa kila kilichokuwamo. Unaharibika alasiri, pale sebule imejaa mabeseni, viatu visivyo na wenzake, chaja za simu zilizokwishauzwa na madaftari ya darasa la tatu ya mtoto ambaye sasa yuko chuo. Watoto wamerudi na njaa, jiko halijawashwa, na hakuna aliyeamua lolote. Magharibi ikiingia kila kitu kinarudishwa kilikotoka, ila safari hii kwa kusukumwa na goti. Mama mwenye nyumba anaapa kutoligusa kabati hilo mpaka Idi au Krismasi.

Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi, na sababu ninayoisikia zaidi ni uvivu. Siikubali. Watu wanaoshinda wima tangu alfajiri wakihamisha masanduku si wavivu. Tatizo ni kwamba wamepanga namna ya kuvitoa vitu kabatini, hawakupanga namna ya kuvitoa nyumbani. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ngumu. Kitu kilichotolewa uvunguni kikakosa pa kwenda kitalala sebuleni siku mbili, kitahamia varandani wiki moja, mvua itatishia, kitarudi uvunguni. Kwa hiyo ninapoombwa ushauri siulizi nyumba ina vyumba vingapi. Nauliza mtaani kwenu chuma chakavu kinanunuliwa na nani, gari la taka linapita siku gani, na ni ndugu yupi anahitaji nini.

Kwanza, suala la majira, kwa sababu mengi tunayosoma kuhusu usafi huu yametoka kwingine. Ulaya ya zamani nyumba zilifungwa miezi yote ya baridi huku makaa ya mawe na kuni vikiwaka ndani. Jua la Machi na Aprili liliporudi, masizi yalionekana ukutani na madirisha yakafunguliwa. Wairani nao hukung'uta nyumba nzima kabla ya Nowruz, mwaka mpya wao unaoanza majira ya kuchipua. Nowruz hiyo ndiyo asili ya Nairuzi ya pwani yetu, ambayo Makunduchi wanaiadhimisha hadi leo kwa Mwaka Kogwa, mwezi Julai, kwa vita vya mabua ya migomba na kibanda kinachochomwa moto.

Julai si mwezi mbaya hata kidogo. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, adui wa vilivyomo ndani si masizi ya baridi bali unyevu wa masika. Kuanzia Machi mpaka Mei begi la ngozi huota ukungu, nguo zilizokunjwa hupata uvundo, na ubao wa nyuma ya kabati hunyonya maji ya ukutani. Ukisafisha Machi, unasafisha kabla ya uchafu kuja. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, mvua zimepungua, kusi inavuma na jua linakausha bila kuunguza. Godoro likisimamishwa nje asubuhi, jioni limekauka. Nairobi mambo ni tofauti, kwani Julai huko ni mawingu na manyunyu. Januari na Februari zinafaa zaidi. Wengi huchagua Shaaban au Desemba kwa sababu ya sikukuu, na siwalaumu, ila wajue kwamba haraka ya sikukuu huzaa usafi wa kuficha: mgeni anaingia, sebule inang'aa, na chumba cha nyuma mlango haufunguki.

Sasa turudi kwenye milango ya kutokea. Mjini ipo mingi kuliko tunavyodhani. Yule kijana wa guta anayepita akigonga kipande cha bati hununua chuma kwa kilo, na mzani wake wa kuning'iniza anao. Shaba ina bei kuliko alumini, na alumini ina bei kuliko chuma. Sufuria iliyotoboka isichanganywe na nondo zilizobaki kwenye ujenzi, maana vikipimwa pamoja vitalipwa kwa bei ya chuma. Nyaya za umeme msizichome wenyewe ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na pesa itakayopatikana hailipi kifua cha mtoto. Feni, pasi na redio mbovu mwiteni fundi wa mtaani kabla ya mtu wa chuma chakavu. Yeye anahitaji mota, kapasita au waya, na hatazipima. Chupa za plastiki zina wakusanyaji wake. Ndugu wa bara anaweza kufikiwa na kifurushi cha basi. Gari la taka lina siku yake, na kabla ya kulitegemea kwa godoro au kochi lililovunjika ulizeni kwanza kama watalibeba na kwa nyongeza ya shilingi ngapi.

Mkishajua hayo, ukubwa wa hatua unajipanga wenyewe. Kama gari la taka linapita Jumatano, Jumanne jioni ni zamu ya vile visivyofaa kwa yeyote. Kama shangazi anasafiri kwenda Singida mwisho wa mwezi, wiki ya kabla yake ni ya nguo. Kila hatua iwe sehemu moja inayoweza kufunguliwa, kuamuliwa na kufungwa kabla ya kuinjika chakula cha jioni: droo, rafu moja ya kabati la vyombo, uvungu wa kitanda kimoja. Stoo nzima si hatua. Kona ya stoo ni hatua. Anayefanya kazi mpaka jioni achukue hata nusu saa kwa droo moja, mradi asiiache wazi akaenda kulala. Na kilichoamuliwa kuondoka kisivuke usiku wa pili ndani ya nyumba. Kama mpokeaji hajafika, kipelekwe kwake.

Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka kwao mwaka 2011 kisha kikaenea duniani kilipofika kwa Kiingereza mwaka 2014, anataka kinyume cha hapo. Kwake nguo zote za mtu hutolewa kila zilipo, zikarundikwa pamoja, ndipo mwenyewe azishike moja moja ajiulize kama inampa furaha. Naiheshimu kazi yake, hasa pale anapoviacha vitu vya kumbukumbu mpaka mwisho. Lakini rundo lile linahitaji nafasi, siku nzima na mtu anayeishi na vitu vyake mwenyewe. Familia ya watu saba katika vyumba viwili vya kupanga haina pa kuliweka. Na furaha si kipimo cha dumu. Dumu zima lenye kifuniko chake, katika mtaa wenye mgawo wa maji, halimfurahishi mtu yeyote na bado halitoki. La kuhesabu ni familia inatumia madumu mangapi kati ya siku moja ya maji na nyingine. Yanayozidi hapo, hasa yaliyopasuka na kuzibwa kwa sabuni, ndiyo ya kuondoka.

Mimi naanza na vinavyodhuru, hata kama havionekani vichafu. Ndoo, makopo, matairi na sahani za chini ya maua nje ya nyumba vitangulie vyote. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, yule mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama karibu na watu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jike hutaga kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, maji yakirudi yanaanguliwa, na ndani ya kama wiki moja hadi siku kumi mbu wameruka. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa hiyo pipa lisuguliwe ndani kwa brashi na sabuni, hasa pale kwenye mstari ambapo maji huishia. Mkilisugua hivyo kila wiki na kulifunika, limekuwa salama. Chombo kisichotumika kigeuzwe kifudifudi au kiende kwa mtu wa makopo.

Halafu kopo la dawa. Kila nyumba ninayoijua ina kopo la maziwa au mfuko wa kaki wenye vidonge vilivyosalia: antibayotiki nne za kikohozi cha mwaka juzi, dawa ya maji ya mtoto iliyogandia kwenye kizibo, vidonge visivyo na jina. Antibayotiki zilizobaki ndizo hatari zaidi, kwa kuwa zinakaribisha mtu kujitibu nusu dozi. Ulizeni duka la dawa kama wanapokea zilizokwisha muda. Wasipopokea, zitolewe kwenye paketi, zichanganywe na majani ya chai yaliyotumika au mchanga mchafu ili mtoto au mwokota taka asivutwe nazo, zifungwe kwenye mfuko, kisha ziende na taka. Jina la mgonjwa lifutwe kwenye bahasha.

Baada ya hapo tunafika kwenye neno ambalo limejaza nyumba zetu kuliko duka lolote: itafaa. Wageni wanaotuandikia kuhusu vitu vingi hudhani tatizo ni kununua sana. Kwetu wengi hawajanunua sana, wametunza sana. Kutunza huko kuna akili yake: aliyewahi kukosa misumari wakati paa linavuja hatupi msumari uliopinda. Sitaki kumcheka. Ninachomwomba ni kuuliza swali moja: nikikihitaji hiki nikawa sina, nitapata kingine kwa bei gani na kwa haraka kiasi gani? Msumari unapatikana duka la vifaa vya ujenzi la karibu, kwa bei ndogo, kabla chai haijapoa. Bati zima lililobaki kwenye ujenzi si rahisi hivyo; litunzwe, liinuliwe juu ya matofali. Mbao zilizobaki hapo hapo zinaita mchwa, na mchwa hawaishii kwenye mbao za akiba. Apewe anayejenga banda la kuku. Makopo ya siagi na ndoo za mafuta ya kupikia zilizotumika upya ni mali halali mpaka idadi yake inapozidi vinavyowekwa ndani yake. Na ule mfuko uliojaa mifuko mingine, ambao tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 umejaa mifuko mbadala ya kila rangi, unaweza kupunguzwa ikabaki ile imara ya kwenda nayo sokoni.

Vyombo vya wageni nina ugomvi navyo wa pekee. Sahani za maua kwenye kabati la kioo, glasi za miguu mirefu, hotpoti ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi lake. Mgeni mwenyewe anayesubiriwa hafiki, au akifika anakula ugali kwa sahani ya plastiki kwa sababu aliyeingia ni ndugu tu. Wakati huo huo familia inapanga foleni ya vikombe vitatu. Ushauri wangu si kuvigawa. Viteremsheni, vitumike, na vile vya plastiki vilivyochanika kingo na kushika mafuta mpaka havitakati ndivyo viondoke. Kabati litapungua bila kitu kizuri kutoka mlangoni.

Nguo zinakwenda haraka mkizifanya kwa mtu mmoja mmoja, mwenyewe akiwepo. Sehemu kubwa ya tunachovaa ilianza kwa usafi wa nyumba za Ulaya na Marekani: mtu wa huko alipunguza kabati lake, na mtumba ukashushwa bandarini. Kwa kuwa zilipatikana kwa bei nafuu, za watoto hasa zimerundikana kuliko watoto wenyewe. Kuna tabia ya kuzijaza kwenye shangazi kaja na kuzipeleka kijijini bila kuuliza. Zile suruali zisizo na zipu na fulana zilizopauka hazimsaidii mtu wa kijijini zaidi ya wa mjini. Tunamhamishia taka, na adabu inamzuia kuzikataa. Pigeni simu kwanza. Semeni mna viatu namba fulani na sweta za mtoto wa miaka sita. Mtajibiwa ukweli, pengine kwamba kinachohitajika ni daftari.

Nguo za kichanga zinazosubiri mtoto mwingine zinahitaji neno la ziada. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kuwekwa kabatini ili kufukuza nondo na mende vingi ni naftalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria ikiwamo Afrika Mashariki, na kwao naftalini iliyoshikwa na nguo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Manjano yanayofuata mtu anaweza kuyadhania kuwa yale ya kawaida ya vichanga. Nguo za mtoto msiziwekee vidonge hivyo kabisa. Zifueni, zikauke barabara juani, zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Si kila kilichomo ndani ni chako kukitoa. Nimeona ndoa zikitikiswa na magazeti ya zamani ya mume yaliyouzwa kwa mfunga karanga, na dada wa kazi aliyekuta mkoba wake umesogezwa pamoja na takataka kwa sababu hakuna aliyemwona kuwa ana kona yake. Mtoto wa miaka saba anaweza kuulizwa. Mpeni boksi moja, mwambieni kinachoingia humo kinabaki. Mama mkwe anayekaa nanyi hapangiwi sanduku lake. Anaombwa, tena akiwa peke yake: "Mama, tunasafisha chumba, ungependa tukusaidie kuanika vya sandukuni?" Akisema hapana, ni hapana.

Vya marehemu vina utaratibu wake kabisa, na hapa haraka ya usafi haina nafasi. Koti la baba na redio yake si za mjane peke yake kugawa, wala si za mtoto mkubwa. Kwa Waislamu alichoacha mtu, hata shuka, ni haki ya warithi. Kwa jamii nyingine nyingi nguo hugawanywa wakati wa kumaliza matanga au arobaini, mbele ya ukoo, na anayejichukulia mapema huzua maneno ya miaka. Subirini kikao. Kinachoweza kufanywa kabla ya hapo ni kuanika na kukunja, na kuandika orodha ya kilichopo. Mwandishi wa Uswidi, Margareta Magnusson, alitoa kitabu mwaka 2017 akiwashauri wazee wapunguze vyao wenyewe kabla ya kufa ili wasiwaachie watoto mzigo. Huko lilionekana jambo geni. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo bila kitabu: doti ya khanga kwa mjukuu huyu, bangili kwa yule, na maelezo ya nani alimpa na lini.

Karatasi ziachwe karibu na mwisho, zifanywe mkiwa mmekaa. Hati au ofa ya kiwanja, makubaliano ya mauziano yaliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, vyeti vya kuzaliwa, ndoa, vifo na shule, kadi za kliniki, barua za mirathi: hivyo havijadiliwi, vinawekwa kwenye bahasha ya plastiki mahali pa juu, pasipofikiwa na maji ya mafuriko wala panya. Anayefanya biashara atunze kumbukumbu zake za kodi kwa miaka 5. Risiti za mashine za EFD zimechapwa kwa karatasi ya joto, na joto letu hilo hilo huzifuta. Risiti ya friji yenye dhamana ya miaka miwili ipigwe picha au itolewe kopi leo, maana siku ya kuidai mtakuta karatasi nyeupe. Vikaratasi vya tokeni za umeme za LUKU zilizokwisha kuingizwa vinaweza kwenda.

Kusafisha kwenyewe, yaani maji na sabuni, ndiyo sehemu fupi. Utando wa buibui darini, kisha feni, juu ya makabati, madirisha, mwisho ndipo deki, kwa sababu vumbi linashuka. Ukungu wa ukutani upanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, si kufagiliwa ukiwa mkavu ukarushwa hewani, na kabati lirudishwe likiacha upenyo wa kiganja kati yake na ukuta. Klorini ya kufulia isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Watu hufanya hivyo wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanatengeneza gesi inayochoma mapafu, na choo cha ndani mara nyingi kina kidirisha kimoja tu.

Stoo ikishapungua jiandaeni na jambo moja linalotokea karibu kila mara. Habari zitafika kwamba kwenu kuna nafasi. Binamu anahama nyumba, ana friji inayosubiri fundi na masofa mawili, anaomba vikae wiki mbili tu. Kumkatalia ndugu ni shida, na sisemi mkatae. Pokeeni, kisha kabla hajaondoka chukueni kalamu ya wino mzito na masikingtepu, andikeni juu ya friji jina lake, namba yake ya simu na tarehe aliyoitaja yeye mwenyewe, naye akiwa amesimama hapo anaangalia.